Korongo Niliyemkata

Kwako dada yangu mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa. Najua ukitoka kazini miguu inakuwa imevimba, na bado utazunguka jikoni ukitafuta cha kufanya. Kaa kwanza, vua viatu, ndipo usome. Salamu zangu zikufikie kwa wingi, na za mama, ambaye yuko hapa pembeni yangu anajifanya analala ili aone nitaandika nini. Sisi huku wazima, kila mmoja kwa kiasi chake.

Huenda umeshangaa kupokea bahasha wakati simu ninayo. Dada, mimi ndiye uliyenibatiza Chiriku tangu sijaanza shule. Kwenye simu ningeongea, ningecheka, ningeyazungusha maneno mpaka wewe ndiye ungeniomba msamaha. Karatasi hainipi nafasi hiyo. Ila niruhusu nianze na habari za nyumbani, maana hizo ndizo utakazozitafuta.

Mama hajambo. Mguu wa kulia unamsumbua asubuhi, lakini akishapata chai anafika hadi getini na mkongojo wake, anawakagua wapita njia kama askari wa zamu. Viatu ulivyomletea vimemkaa barabara, tatizo ni kwamba hataki kuvivaa nje. Anavivaa sebuleni, anavifuta, anavirudisha kwenye boksi. Nilipomwambia kwamba viatu ni vya kutembelea, akanijibu kwamba mbona anatembea, si anatoka chumbani hadi sebuleni. Dawa za presha anameza bila kukumbushwa, isipokuwa siku ambazo amenikasirikia. Siku hizo anataka abembelezwe.

Paa la jikoni limezibwa. Fundi alikuwa wa kesho na kesho kutwa, mpaka mama akampigia mwenyewe, akajifanya jirani, akampa pole kwamba mteja wake amefariki kwa baridi. Alifika siku hiyo hiyo na ngazi yake.

Binti yako amenipita bega. Sketi ya shule tumeiteremsha pindo na bado ni fupi. Shuleni anaendelea vizuri, hesabu ndiyo bado wanagombana. Uliniuliza mara mbili kwa nini haji kwenye simu. Mara ya kwanza nilikwambia ni mitihani, mara ya pili nikakwambia yuko kwa rafiki yake. Yote mawili hayakuwa kweli. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Nitalifikia, dada, naomba usiruke mistari kwenda kulitafuta.

Kazini bado niko pale pale kwenye uchapaji. Napanga kurasa za kadi za harusi, vitabu vya risiti na kalenda, na mikono yangu inanuka wino hata siku ya mapumziko. Bosi wetu hajabadilika, anavaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na anaitafuta ya kichwani. Jengo letu limepakana na kile kiwanda cha sabuni kilichofungwa. Juu ya dohani yake, lile bomba refu la moshi, mwaka huu korongo walijenga kiota. Nilikutajia kwenye simu, nadhani unakumbuka. Ni ndege wakubwa, weupe, wenye ncha nyeusi za mbawa na midomo mirefu myekundu, na wakikutana juu ya kiota wanagonganisha midomo hadi unadhani kuna mtu anapiga chapa ofisini.

Kila saa ya chakula nilikuwa napanda juu ya paa na kamera uliyoniletea. Wenzangu walinitania kwamba nimeposwa huko juu. Nilikaa nao korongo wale tangu wanabeba vijiti hadi makinda yalipototolewa, matatu, ya kijivu, yenye shingo zisizoweza kubeba vichwa. Kwa hiyo maisha yao niliyajua. Nataka ulishike hilo, kwamba niliyajua. Walikuwa wawili, wanafanana kabisa, mpaka leo siwezi kukuambia yupi jike na yupi dume. Mmoja alikuwa anabaki, mwingine anaondoka kwenda huko bondeni kwenye maji. Akirudi, wanabadilishana. Hakukuwa na wa kubaki siku zote wala wa kuondoka siku zote.

Siku niliyopiga ile picha, jua lilikuwa kali hadi lami ya paa inashika soli. Makinda yalikuwa yamefungua midomo, yanahema. Aliyekuwa kiotani alilipa jua mgongo, akatandaza mbawa zote mbili juu ya watoto kama mtu anayeanika shuka, akatulia hivyo hivyo. Nikaendelea kusubiri. Kisha yule mwingine akaja kutoka upande wa kushoto, chini chini, miguu imening'inia, koo limejaa. Alitua na kuwamwagia makinda maji kutoka mdomoni mwake, kichwani na mgongoni, kama unavyomwogesha mtoto kwa kikombe. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Nilibonyeza wakati anafika, kabla hajakunja mbawa.

Nilipoifungua picha kwenye kompyuta ya nyumbani, niliona imetoka nzuri upande mmoja tu. Aliyekuwa kiotani alikuwa safi, unahesabu manyoya. Yule aliyekuwa anafika, bawa lake moja lilikuwa ukungu mtupu kwa sababu ya mwendo, na nyuma yake zilionekana antena na kamba za nguo za wapangaji wa ghorofa ya pili, na soksi zao. Nikaikata. Nilivuta mstari kutoka kushoto hadi nikamwondoa mwenye bawa la ukungu, antena, kamba na soksi. Kikabaki kiota, makinda matatu, na ndege mmoja aliyetandaza mbawa peke yake chini ya jua, na anga tupu nyuma yake.

Kukata picha si dhambi, dada. Tunakata kila siku kazini. Bila hivyo kila bibi harusi angekuwa na kiwiko cha mjomba wa mtu masikioni. Hata hiyo nilipoikata sikuwa na lolote moyoni, nilikuwa naziondoa soksi. Lakini nilipoitazama baada ya kuikata, niliona imeshakuwa hadithi nyingine. Ilikuwa hadithi ya aliyebaki. Na nilijiona mimi humo.

Unajua wiki ile ilikuwaje. Ndiyo wiki mama alipoteleza bafuni, na likizo yako uliyokuwa umeahidiwa ikaahirishwa. Ulilia kwenye simu, nikakwambia usijali, tupo. Kisha nikakata simu nikarudi kwenye benchi la hospitali, begi la mama magotoni, na sikuwa nimekusamehe. Nilijiambia kwamba wewe unawaogesha wazee wa watu huko, wanakuita malaika, na mzee wako namwogesha mimi na hakuna anayeniita kitu. Nilisahau kabisa kwa makusudi kwamba hata daktari aliyekuwa ndani na mama nilimpata kwa pesa ulizotuma wewe. Ulipofiwa na mumeo hukuondoka kwa starehe, mimi ndiye niliyekufungia sanduku. Yote hayo niliyajua.

Bosi aliipenda picha. Alisema itakaa jalada la kalenda, na akampelekea mkutubi wa maktaba ya mji, ambaye alikuwa anaandaa maonyesho ya picha. Nikaambiwa niipe jina. Niliipa "Asiyeondoka".

Iliwekwa ukutani pale mlangoni, kubwa, kwenye fremu. Watu walisimama kuitazama. Mama mmoja alifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. Nilikutumia wewe pia kwenye simu, na wewe ukaniandikia kwamba umemwonyesha kila mzee unayemhudumia, na umeiweka kwenye kioo cha simu yako ili ukiamka uione, kwa sababu imekukumbusha mama yetu. Nilisoma ujumbe wako nikiwa kwenye foleni ya mkate. Nilitoka kwenye foleni bila mkate.

Sasa nije kwa binti yako. Majuzi mwalimu wao wa sayansi aliwaambia kila mmoja achague mnyama au ndege na kumweleza mbele ya darasa. Yeye akachagua korongo, kwa sababu picha ipo nyumbani na kazi itakuwa rahisi. Uvivu huo sijui kautoa wapi, maana wewe na mimi tunafahamika kwa bidii. Aliniomba aingie kwenye kompyuta. Nilikuwa nakatakata vitunguu, nikamwambia aingie.

Nilimsikia akifungua picha moja baada ya nyingine. Kisha akaniita, "Mama, njoo."

Nilipofika, alikuwa ameifungua picha nzima, ile ya kwanza, isiyokatwa. Nilikuwa sijaifuta. Kidole chake kilikuwa juu ya korongo wa kushoto.

"Huyu nani?"

Nikamwambia ni mwenzake.

"Alikuwa wapi?"

Nikamwambia alikuwa ameenda kuchukua maji. Nikamwelezea jinsi wanavyoyabeba kooni na kuwamwagia watoto, na kwamba siku kama ile, bila hayo maji, kivuli peke yake kisingetosha. Nilieleza vizuri, kama mtaalamu, nikitumaini tutaishia kwenye sayansi. Akaikuza picha, akalitazama lile koo lililotuna, akalitazama lile bawa la ukungu.

"Mbona redioni ulisema ni mmoja?"

Nilisema kwamba bawa lake halikutoka vizuri. Ndilo jibu nililompa mtoto.

Akasimama, akanipita, akaenda chumbani. Hakuubamiza mlango. Aliufunga taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Hili la redio hulijui, kwa sababu nilihakikisha hulijui. Siku ya kufungua maonyesho alikuja mtangazaji wa redio yetu ya hapa mjini, kijana mchangamfu, akaniwekea kinasa sauti mdomoni na kuniuliza picha ile inasema nini. Binti yako alikuwa amesimama kando yangu, ameshika mkoba wangu. Ningeweza kusema lolote. Nilisema kwamba ndege huyu hakufundishwa na mtu. Jua lilimchoma mgongo na hakuondoka. Nikasema kuna wanawake wamezaa na wakawaachia wengine watoto, wakavuka mipaka kwenda kutafuta maisha, na hao ningependa waje wasimame mbele ya picha hii, waone wameshindwa na ndege. Watu waliozunguka waliguna kwa kukubali. Sikukutaja, lakini nilikuwa nasema na wewe. Nilipokuwa nasema nilikuona usoni kabisa, na nikajisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, mwanao aliniuliza kama nilikuwa namsema mama yake. Nikamwambia nilikuwa nazungumzia ndege. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiamini. Baada ya siku mbili mazungumzo yakarushwa hewani, na Jumatatu yake mwanafunzi mwenzake akamwambia mbele ya darasa kwamba mama yake ameshindwa na ndege. Hilo nililijua kwa mwalimu, si kwake. Yeye alikuja nyumbani, akaitoa picha yako pale kwenye kioo, akaiweka kwenye droo chini ya soksi. Kuanzia hapo simu yako ikilia, anaingia bafuni na kufungulia bomba.

Hiyo ndiyo mitihani niliyokwambia. Na bomba hilo ndilo yule rafiki niliyesema yuko kwake.

Ningeweza kuishia hapa, na ingetosha kukufanya usitake kuniona. Lakini kuna lililo chini ya hilo, ambalo sijamwambia mtu, hata mama. Mtoto alipoacha kuongea na wewe, alianza kuniita "mama". Tangu akiwa mdogo aliniita mama mdogo, kama inavyopasa. Siku moja alilidondosha hilo "mdogo", akiwa anaomba chumvi, na hakuliokota tena. Na mimi nilifurahi. Dada, nilifurahi hadi nikaona aibu kutazamana na mama mezani. Nilijua kwa nini analisema, nilijua ameliokota kwenye maneno yangu, na bado usiku nililala nikilisikiliza masikioni. Ulipokuwa unaniuliza kwenye simu mtoto ana nini, mimi nilikuwa upande wa pili ninacho ulichokuwa unakitafuta, na sikutaka kukirudisha. Sikumkata korongo siku ile tu. Nilikuwa namkata kila ulipopiga simu.

Baada ya siku ile ya kompyuta, mwanao hakuniita mama, wala mama mdogo, wala chochote. Alikuwa anasema "samahani" kama mtu wa benki. Mama aliliona hilo. Alinikalisha chini, akaniambia kwamba redio aliisikia tangu siku ilipotangaza. Nilimuuliza kwa nini basi alinyamaza. Alikunja ncha ya khanga yake, akaikunjua. Akasema aliogopa. Kwamba mtu anayekuogesha na kukuvalisha humgombezi ovyo, unachagua siku, na siku yenyewe alikuwa hajaipata. Sikujua kwamba mama yangu ananiogopa. Tangu hapo nikimshika mkono kumtoa bafuni nasikia uzito mwingine kabisa. Akaniambia yeye hatanisemea kwako. Mdomo uliosema redioni ndio ukaseme na huko.

Nilianza na mtoto. Nilikaa kitandani kwake na kumweleza kama nilivyokueleza, pamoja na benchi la hospitali, bila kujipaka mafuta. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo. Nilipomaliza akaniuliza kama wewe ulisikia. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi ana bahati." Kisha akageuka, na nikaona kwamba alikuwa analia tangu nilipoanza.

Nilikwenda redioni. Yule mtangazaji alinipokea kwa tabasamu, nikamwomba nafasi niseme picha ile haikuwa nzima na niliyoyasema hayakuwa kweli. Akaniambia, kwa upole tu, kwamba hiyo si habari, watu wameshasahau. Nikamjibu kwamba ninaowajua mimi hawajasahau. Hakunipa nafasi. Maktabani nilimweleza mkutubi, naye akakubali tuishushe ile na kuweka nzima, pamoja na antena, kamba na soksi. Bosi aliichapa bure, akinung'unika kwamba nimeharibu kazi nzuri, na jalada la kalenda ameshaligawa, hilo halirudi. Nimesimama kando yake siku mbili pale mlangoni. Watu hawasimami kama kwa ile ya kwanza. Wanatazama, wanauliza soksi ni za nani, wanaendelea. Wachache wanasogea karibu na kuuliza yule anayekuja amebeba nini kooni, nami nawaambia.

Sikuombi unisamehe kwenye barua hii. Kukuomba tu kungekuwa kukupa kazi nyingine juu ya zako. Ukitaka kunitukana, tukana, tena kwa sauti, mama asikie na yeye apumue. Ila usikae kimya kwa ajili ya kumlinda mama, au kwa sababu mimi ndiye niliye hapa. Nimejua sasa kwamba watu wengi wamenyamaza kwa sababu mimi ndiye niliye hapa.

Ndani ya bahasha nimekuwekea picha, ile nzima. Toa ile ya kwanza kwenye simu yako. Nyuma ya hii niliyokuwekea mwanao ameandika kitu kwa penseli. Sijakisoma, picha niliizungushia karatasi na kuifunga kwa gundi mbele yake ili aone.

Jambo la mwisho. Nimeongea naye, na amesema Jumapili utakapopiga atapokea yeye. Mimi nitakuwa nje na mama, simu nitamwachia sebuleni. Lakini amesema hajui atakuambia nini, na huenda asiseme kitu. Kwa hiyo dada, ukipiga na ikapokelewa, halafu ukasikia kimya, usidhani mtandao umekatika na usikate simu. Subiri. Ni yeye, yuko hapo, anapumua.

Mama ameamka, au ameacha kujifanya, na anasema usisahau kupaka miguu mafuta ya moto kabla ya kulala. Anasema pia viatu ni vizuri sana. Nawasalimu wenzako wa kazini, na wale wazee unaowahudumia, hasa yule uliyeniambia anakuita kwa jina la binti yake. Muitikie.

Mdogo wako mwenye aibu,

Chiriku